Tanzia: Ubishi wa Kwenye Bao, Bumbuli

Kwa masikitiko makubwa, wana Bumbuli walioko milimani, na wale walioko Tanga, Dar es Salaam na kwingineko, wanatangaziwa kifo cha ubishi wa siasa uliokuwa ukifanyika kwenye bao. Marehemu aliugua kwa miaka mingi. Alipokata roho hapakupigwa yowe, kwa sababu waliokuwa karibu naye walidhani amepumzika tu, na wapo walioona heri apumzike. Naandika tangazo hili kwa kuwa nililelewa naye, na kwa kuwa naamini alitufaa kuliko tulivyomthamini.

Wasifu wake ni huu. Ukipanda kutoka Mombo hadi Soni, ukaiacha barabara ya Lushoto na kushika ya Bumbuli, unaingia katika nchi ya chai, migomba na ukungu. Ipo hospitali ya Kilutheri ambayo watu wa mbali wanaijua kuliko wanavyoujua mji wenyewe. Jioni, watu wakishatoka shambani, sokoni na hospitali, wapenzi wa bao walikutana kwenye kibaraza cha fundi cherehani. Walifuata bao. Hapana aliyekwenda pale kwa ajili ya chama. Marehemu hakuwahi kuitisha mkutano hata mmoja. Alizaliwa pembeni mwa mchezo, akakua kwa mchezo, na mchezo ndio uliomfunza adabu.

Asiyejua bao atauliza mchezo unamfunzaje mtu adabu ya siasa. Ubao una mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete 64. Mwanzoni, wakati wa kunamua, kila mchezaji ana kete 22 za akiba. Zikishaisha ndipo mnaingia mtaji. Anayekula huzichukua kete na kuzigawa moja moja, shimo hadi shimo, na ile ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete anaendelea, mpaka aangukie shimo tupu. Hapo amelala, na zamu ni ya mwenzake. Kwa mchezaji hodari kete zaweza kuzunguka mara kadhaa kabla ya kulala, na muda huo wote watazamaji hunyamaza, maana kila mmoja anahesabu kichwani mwake.

Basi hoja ya siasa iliyotupwa pale, tuseme juu ya bei ya majani ya chai, au juu ya barabara ya Soni, Bumbuli, Dindira hadi Korogwe ambayo tumeisikia uchaguzi hadi uchaguzi, haikupata jibu papo hapo. Ilisubiri kete zilale. Mwenye kete mkononi hakuulizwa neno wala hakujibu. Aliyechomwa na hoja alikaa nayo, akaitazama, akaipima, na zamu yake ya kusema ilipofika, hasira ilikuwa imeshuka kiasi cha watu kumsikiliza. Sijaona mpaka leo kikao, cha kijiji wala cha Bunge, chenye utaratibu mzuri wa kumpa mtu muda wa kufikiri kabla hajajibu kama ule.

Kisha kulikuwa na suala la kukaa na kuinuka. Ukifungwa, unainuka, anaingia mwingine. Balozi wa nyumba kumi aliinuka. Mwalimu mkuu aliinuka. Kijana wa bodaboda aliyemfunga balozi alibaki amekaa mpaka naye apate wa kumfunga, na alipokuwa pale juu ya benchi, neno lake lilikuwa na uzito sawa na la mtu yeyote. Mtu aliyezoea kuinuka kila jioni mbele ya wenzake hushindwa bila kununa. Naye aliyezoea kumfunga mkubwa wake hapati kiburi, kwa sababu kesho zamu yake inakuja.

Palikuwa na mzee mmoja ambaye sitamtaja jina, mchezaji ambaye hata Tanga mjini hawakumweza. Yeye ndiye aliyekuwa breki. Ubishi ukivuka mpaka, mtu akaanza kutaja ukoo wa mwenzake, au dini yake, au mgonjwa wake, mzee alisema neno moja: "Cheza." Basi. Hakutoa hotuba, hakumfukuza mtu. Aliyeambiwa "cheza" alijua amekosea, na alijua pia kwamba hajatolewa kibarazani. Jambo hili la pili ni kubwa kuliko la kwanza. Mtu aliyekemewa akabaki na nafasi yake hujirekebisha. Aliyefukuzwa hutafuta wenye hasira kama yake.

Marehemu alikuwa na kasoro, na tanzia ya kweli haifichi. Wanawake hawakukaa pale. Walipita na mizigo ya majani ya chai na kuni, wakisikia wanaume wakiamua mambo ya nchi, na mara mojamoja mmoja alirusha sentensi bila kusimama, sentensi ambayo iliupindua mjadala wote. Hakuna aliyemkaribisha benchi. Waliokosa mawazo ya wanawake hao ni sisi tuliokaa.

Asili yake ni ya mbali kuliko kibaraza. Vuga, makao ya wafalme wa Kikilindi, hayako mbali na Bumbuli, na tangu enzi ya Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, Wasambaa walizoea kuwapima watawala wao kwa mvua na mavuno: huyu ameiponya nchi, yule ameiharibu. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyeishi na kutafiti Usambara kuanzia miaka ya 1960, alitoa mwaka 1990 kitabu kizima juu ya namna wakulima wa huku walivyojadili utawala kwa lugha yao wenyewe, bila kusubiri wasomi wa mjini. Wakoloni Waingereza walipolazimisha matuta ya kuzuia mmomonyoko, mpango ulioanzia Mlalo mwaka 1946 na kisha kuenezwa Usambara nzima, wakulima walijadiliana, wakakataa, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ukafa. TANU ilipata wafuasi wengi milimani kwa sababu ya matuta hayo. Anayedhani mkulima wa Bumbuli alianza kuongea siasa baada ya kupata simu hajui anazungumzia watu gani.

Marehemu alipita mitihani. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Nyalali ilizunguka nchi kuuliza kama tubaki na chama kimoja, na asilimia 77 hivi ya waliotoa maoni wakasema tubaki. Hata hivyo tume ikapendekeza vyama vingi, na Julai 1992 vikaruhusiwa. Uchaguzi wa 1995 ukaja na wagombea urais wanne, Mkapa, Mrema, Lipumba na Cheyo. Benchi ambalo lilikuwa na chama kimoja likajikuta na vyama vitatu au vinne, na ubao ni uleule. Wapo waliotabiri litavunjika. Halikuvunjika. Redio iliwekwa dirishani, taarifa ya habari ikasikilizwa, kisha watu wakaanza kunamua.

Mtihani mkubwa kwa Bumbuli yenyewe ulikuwa wa mwaka 2010, na huo haukuwa wa vyama. Kura za maoni za CCM zilimkutanisha mbunge wa siku nyingi, William Shellukindo, aliyewahi kuongoza Kamati ya Bunge ya Nishati na Madini, na kijana January Makamba, ambaye baba yake, Yusuf Makamba, alikuwa Katibu Mkuu wa chama hichohicho. Kijana akashinda. Kwa nje ilionekana ni jambo la ndani ya chama kimoja. Kwetu liligawa nyumba: baba upande huu, mtoto upande ule. Pale kibarazani nilimwona baba akicheza na mwanawe, wakibishana juu ya heshima kwa wazee na haki ya vijana kuongoza, kete zikilala, hoja ikaendelea, kete zikizunguka, hoja ikasubiri. Walikwenda nyumbani pamoja.

Halafu mwaka 2013 kiwanda cha chai cha Mponde kikafungwa baada ya mgogoro wa muda mrefu kati ya wakulima na mwekezaji. Hapo siasa haikuwa tena ya Dodoma wala ya Dar es Salaam. Ilikuwa ada ya shule, ilikuwa majani yanayokomaa shambani bila mnunuzi. Watu walilaumiana kwa majina. Ubishi ulikuwa mkali kuliko wakati mwingine wowote ninaoukumbuka, na neno "cheza" lilitumika sana. Lakini waliokuwa na habari za kweli walizileta pale, na waliokuwa na uongo waliulizwa mbele ya watu, "Nani kakwambia?" Swali hilo lilikuwa dawa.

Na katikati ya mwaka 2016, mikutano ya hadhara ya vyama ilipozuiwa nchini, zuio lililodumu hadi Rais Samia alipoliondoa tarehe 3 Januari 2023, vibaraza kama chetu ndivyo vilivyobaki kuwa mahali ambapo mtu wa chama tawala na wa upinzani waliweza kusikilizana wakitazamana. Ni katika miaka hiyohiyo tulipomhitaji zaidi ndipo marehemu alipoanza kudhoofu.

Ugonjwa wake ulikuwa na vyanzo viwili, na vilimjia kwa pamoja. Cha kwanza, vijana waliondoka. Walikwenda Kariakoo, Tanga, Arusha, wengine Muscat, na kwa upendo wa kweli wakaanzisha kundi la WhatsApp la wapenzi wa bao wa nyumbani. Mwanzoni lilikuwa zuri: picha za mchezo ulivyosimama na swali "ungecheza wapi?", nani kamfunga nani, nani anaumwa, mchango wa msiba. Wazee wenye simu za watoto wao wakaingizwa. Ubishi ukahamia humo, lakini ukahama bila kete. Hapakuwa na cha kusubiri. Kabla hujamaliza kusoma hoja moja, majibu manane yameshaingia, na la tisa ni tusi. Uso wa mwenzako huuoni. Huoni kwamba amechoka, au kwamba leo ametoka kuzika.

Chanzo cha pili ni hofu, na hofu hiyo ilikuwa na msingi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 iliweka kwa kosa la kusambaza taarifa za uongo faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka mitatu. Mwaka uliofuata mkazi mmoja wa Arusha alihukumiwa kulipa shilingi milioni 7 au kwenda jela miaka mitatu kwa maneno aliyoandika Facebook kumhusu Rais wa wakati huo. Mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni. Kwetu Bumbuli hakuna aliyesoma vifungu, lakini kila mtu alisikia kwamba admini anaweza kuitwa kituoni kwa alichoandika mtu mwingine. Admini wetu ni mtu mwema, mwenye watoto wanaosoma. Aliandika kanuni mpya na kuibandika juu: siasa, dini na matusi marufuku.

Simlaumu kwa kuogopa. Ninachokataa ni mpangilio wa kanuni yenyewe. Siasa iliwekwa mstari mmoja na matusi, na mtu akisoma hivyo kila siku, mwisho anaamini kwamba kumuuliza diwani kuhusu zahanati na kumtukana mama wa mtu ni makosa ya aina moja. Pale kibarazani vilikuwa vitu viwili mbalimbali, na mzee mmoja asiyejua kusoma alivitenganisha kwa neno moja.

Wanaotetea katazo huniambia: tazama Zanzibar. Nami nasema tuitazame vizuri. Baada ya uchaguzi wa 1995, barza na maskani za Unguja na Pemba zilijigawa. Kisonge pale Michenzani ikajulikana kuwa ya CCM, Jaws Corner pale Mji Mkongwe ikajulikana kuwa ya CUF, na kahawa, bao, keram na dhumna zikachezwa kila watu na wao. Katika miaka michungu zaidi, Pemba kulikuwa na watu wasionunua duka moja wala kuzikana. Iliwabidi kupita miafaka miwili, damu ya Januari 2001, na maridhiano ya 2009, ndipo Julai 2010 asilimia 66 ya wapiga kura wakaridhia serikali ya umoja wa kitaifa. Lakini msiba huo haukutokana na watu kubishana kwenye barza moja. Uliota mizizi pale kila upande ulipobaki na barza yake, ukisikia sauti yake tu. Katazo letu la Bumbuli linatupeleka hukohuko. Siasa haikufa kundini. Ilitoka ikaenda kwenye makundi ya pembeni, ya watu kumi, ya watu saba, wanaokubaliana tangu asubuhi hadi usiku, ambako hapana wa kuuliza "nani kakwambia?"

Dalili za mwisho zilionekana Julai 2025. Kamati Kuu ya CCM iliporudisha majina ya watakaopigiwa kura za maoni, jina la January Makamba, mbunge wetu kwa miaka 15, aliyewahi kuwa Waziri wa Nishati na wa Mambo ya Nje, halikuwamo. Kwa Bumbuli hiyo ilikuwa habari kubwa kuliko zote tangu 2010. Benchi la zamani lingekesha. Wangekuwapo waliosema ameonewa, waliosema zamu yake imekwisha, na mmoja angeuliza tumebaki na nini mikononi baada ya miaka hiyo yote. Kundini siku ile palikuwa na picha ya ua yenye maneno ya asubuhi njema, na tangazo la mtu anayeuza shamba Mgwashi. Nilifungua kundi mara nyingi nikitafuta sauti ya mtu. Watu walipigiana simu usiku, wawili wawili, kwa sauti ndogo, wakizungumzia mbunge wao mwenyewe.

Kisha ikaja tarehe 29 Oktoba 2025. Uchaguzi Mkuu, maandamano, vifo, amri ya kutotoka nje Dar es Salaam, na intaneti kuzimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Robo tatu ya vijana wetu wako Dar es Salaam, au hivyo ndivyo kila mama wa Bumbuli anavyohisi. Mtandao uliporudi, ujumbe wa kwanza niliouona kundini ulikuwa ukumbusho wa kanuni. Kuuliza "ndugu zetu mko salama?" kulikuwa kumekuwa siasa. Mzee mmoja aliuliza hivyohivyo, na ujumbe wake ukafutwa. Mimi nahesabu kwamba marehemu alikata roho saa hiyo, mbele ya watu wote walioshika simu zao na kunyamaza.

Marehemu ameacha wazee wachache wanaojua kufika mtaji bila kupoteza nyumba, lile shimo lao kuu. Ameacha vijana wanaokaa palepale kibarazani wakijaza mikeka ya kubashiri mpira, wapole, wenye akili, ambao hawajawahi kumwona baba na mtoto wakitofautiana kisiasa kisha wakasaidiana kufunga duka. Ameacha na maswali yaleyale: chai, barabara, dawa hospitalini. Maswali hayo hayakufa naye. Yamekosa pa kukaa tu.

Najua wasomaji wengi wa tangazo hili mnaongoza makundi: ya bao, ya Simba, ya Yanga, ya kwaya, ya waliosoma pamoja, ya wafugaji kuku. Ninawaomba jambo ambalo liko ndani ya uwezo wenu. Msiwaombe watu wasahau nchi yao mlangoni. Wekeni jioni moja ya ubishi kwa wiki, na mtu mmoja wa kusema "cheza". Kila mtu aongee mara moja, kisha asubiri wengine wamalize. Anayeleta habari aseme kaipata wapi. Anayetukana akemewe, asitolewe. Wanawake wapewe nafasi ambayo kibaraza chetu hakikuwapa. Sheria ipo na inatisha, nayo inahitaji kubadilishwa na wale tuliowatuma Dodoma; hata hivyo haijamkataza mtu kumuuliza jirani yake anaonaje bei ya chai.

Na walio Bumbuli, ubao bado upo kwa fundi cherehani, na kete zake zimetimia. Anafunga saa 12 jioni.